Kuombewa chuo steshenari jijini Mwanza: kazi wanayoiweza, na kazi isiyo yao

Kila Julai, Baraza la Mitihani, NECTA, likishatangaza matokeo ya kidato cha sita, steshenari za Mwanza hugeuka ofisi za udahili. Makoroboi, Barabara ya Rwagasore, Mlango Mmoja, Buzuruga, Igoma, Buhongwa, mpaka vibanda vya njia ya Malimbe, bango ni lilelile: maombi ya vyuo, mkopo, RITA (uhakiki wa vyeti vya kuzaliwa), ajira. Mwanafunzi anaingia na matokeo aliyoyaprinti, mama ameshika bahasha ya vyeti, foleni imefika mlangoni. Kijana wa kompyuta anauliza, "Dada, unataka kusoma nini?" Na jibu linalotoka mara nyingi ni hili: "Weka tu chochote kinachokubali hayo matokeo."

Ndani ya dakika ishirini, miaka mitatu, minne au mitano ya mtu imeshapangwa na mtu asiyemjua.

Tathmini hii ni ya huduma hiyo, jinsi inavyotolewa mjini hapa, bila kumtaja mwenye duka yeyote. Kwa kuchapa, kuskani na kutuma, steshenari nyingi za Mwanza tunazipa nne kati ya tano, na kwa familia isiyo na kompyuta nyumbani ni msaada mkubwa. Kwa kuchagua chuo na kozi tunazipa moja, nayo ni kwa sababu wapo vijana wachache waaminifu wanaomwambia mteja, "Nenda kwanza kasome mwongozo, urudi kesho."

Tuanze na wanachokiweza. Mifumo ya vyuo na ya Bodi ya Mikopo hukataa faili likizidi ukubwa uliowekwa, na picha ya cheti iliyopigwa kwa simu huwa nzito, imepinda, au ina kivuli cha mkono juu ya mhuri. Fundi mzuri wa steshenari anaweka cheti kwenye skana ya kioo, anaskani kwa rangi, anapunguza uzito wa PDF bila kufuta maandishi ya mhuri, na kila faili analiita kwa jina linaloeleweka. Picha ya pasipoti anaikata kwa kipimo kinachotakiwa. Anajua kitufe kipi kinahifadhi na kipi kinatuma moja kwa moja. Anajua pia kwamba mfumo ukielemewa mchana, jioni unafunguka. Ujuzi huu ni wa thamani na unastahili kulipiwa.

Anapokosea ni kwenye uchaguzi, na si kwa roho mbaya. Analipwa kwa idadi ya maombi aliyotuma, si kwa mwanafunzi aliyemaliza chuo. Kichwani ana kozi sita au saba zilizopokea watu mwaka jana, na hizo ndizo anazojaza kwa kila anayekuja: ualimu, biashara, uhasibu, maendeleo ya jamii. Ni kozi za heshima zote, lakini haziwezi kumfaa kila aliyekaa kwenye benchi lile. Kibaya zaidi, mara nyingi anasoma daraja, wakati vyuo vikuu havidahili kwa daraja.

Jambo hili linawaumiza wengi, kwa hiyo tulitazame kwa karibu. Chukua mwanafunzi wa HGE mwenye C ya Historia, D ya Jiografia na E ya Uchumi. Kwa hesabu ya NECTA, A ni 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, E ni 5, S ni 6 na F ni 7, na pointi zikiwa chache ndiyo vizuri. Huyu ana 3 na 4 na 5, jumla 12. Daraja la kwanza ni pointi 3 hadi 9, la pili 10 hadi 12, la tatu 13 hadi 17. Kwa hiyo ana daraja la pili, nyumbani wamemchinjia kuku, na wana haki.

Sasa mpeleke kwenye hesabu ya Tume ya Vyuo Vikuu, TCU. Huko mizani inageuka: A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1, S ni nusu, na pointi zikiwa nyingi ndiyo vizuri. Kiwango cha chini cha jumla ni prinsipo mbili, yaani alama za A hadi E, zenye jumla ya pointi 4.0, na pointi hizo zinahesabiwa kwenye masomo mawili yanayoibeba kozi husika, si kwenye kombi nzima ya masomo matatu. Kwa mwanafunzi wetu, Historia na Jiografia zinampa 5, anapita. Historia na Uchumi zinampa 4, anapita kwa kugusa. Jiografia na Uchumi zinampa 3, na hapo hapiti, hata akiwa na daraja la pili mkononi. Akijaziwa kozi tatu zote zinazodai masomo hayo mawili, amelipia maombi ambayo mfumo utayatupa, na awamu ya kwanza ya maombi itakuwa imeondoka.

Hesabu hii inafanywa nyumbani, kwa kalamu, kabla ya kupanda daladala. Andika masomo yako matatu, weka pointi za TCU mbele ya kila moja, kisha tengeneza jozi tatu na jumla zake. Karatasi hiyo ndogo ndiyo utakayoenda nayo kwenye mwongozo.

Mwongozo wenyewe ni kitabu cha udahili cha TCU, kinachotolewa kila mwaka na kupakuliwa bure kwenye tovuti ya Tume. Kuna cha waliomaliza kidato cha sita na kuna cha wenye stashahada na sifa nyingine zinazolingana. Ukichukua kisichokuhusu utababaishwa na vigezo visivyo vyako. Kasoro yake kubwa, na tunaisema kwa uchungu, ni kwamba kimeandikwa kwa Kiingereza. Mzazi wa Kayenze au Kome anayeuza ng'ombe ili mtoto asome hawezi kukisoma kitabu kinachoamua pesa yake inakwenda wapi. Dawa ni kukaa naye: mtoto asome safu moja moja na kumfasiria. Jioni moja inatosha.

Kila chuo kina jedwali lake. Safu ya kwanza unayoiona ni jina la kozi, na wengi wanaishia hapo. Soma hadi mwisho wa mstari. Safu ya vigezo inataja masomo yanayokubalika, na mtego hujificha kwenye sentensi ya mwisho. Kozi nyingi za uchumi na biashara zinasema kwamba kama mojawapo ya prinsipo zako si Hisabati, basi uwe na angalau ufaulu wa BAM (Hisabati Tumizi ya msingi) kidato cha sita au D ya Hisabati kidato cha nne. Mwenye F ya Hisabati kidato cha nne na asiye na BAM, hata awe na B mbili za kidato cha sita, anagonga ukuta hapo. Halafu kuna safu ya pointi za chini za chuo chenyewe, ambazo zinaweza kuzidi zile 4.0 za jumla. Kuna safu ya nafasi zilizopo, na kuna ya miaka ya kozi.

Safu ya nafasi ndiyo inayopuuzwa kuliko zote. Kozi yenye nafasi 50 na kozi yenye nafasi 500 zinaweza kuwa na kigezo kilekile kwenye karatasi, lakini mwenye pointi 4.0 kamili ana njia kwenye moja tu. Kutimiza kigezo cha chini kunakupa ruhusa ya kushindana, hakukupi kiti. Kwa hiyo ukipanga chaguo zako, la kwanza liwe lile unalolitaka kweli na unalitimiza, la kati liwe lile ambalo pointi zako zimezidi kigezo kwa moja au mbili, na la mwisho liwe lenye nafasi nyingi ambalo bado ungelisoma bila kununa. Kama kuna kozi usiyoweza kuivumilia, usiiweke hata mwisho, maana hiyo ya mwisho ndiyo inaweza kukupata.

Miaka nayo isomwe pamoja na kinachofuata baada ya miaka hiyo. Udaktari wa binadamu ni miaka mitano, kisha mwaka mmoja wa mafunzo ya vitendo hospitalini kabla ya usajili kamili. Sheria haiishii kwenye shahada: anayetaka kuwa wakili anaendelea na Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo (Law School) jijini Dar es Salaam, na familia ihesabu nauli, chumba na chakula cha huko tangu sasa. Uhandisi ni miaka minne, na mhitimu anasajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, kwa hiyo uliza mapema kama kozi unayoitaka inatambuliwa nayo. Ualimu wa shahada ni miaka mitatu, lakini swali la ualimu ni masomo mawili ya kufundishia. Ukichagua jozi ambayo shule chache zinaifundisha, utatafuta kazi kwenye mlango mwembamba kwa sababu ya kisanduku kimoja ulichomwachia kijana wa steshenari akujazie.

Watoto wengi wa Mwanza huandika vyuo vya Dar es Salaam na Dodoma kana kwamba ziwani hakuna kitu. Kwa anayetaka afya, CUHAS, chuo kikuu cha Kikatoliki cha afya, iko mlimani Bugando, na faida yake iko wazi: chuo na Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Bugando, iliyofunguliwa 1971, viko mahali pamoja. Mwanafunzi wa udaktari, uuguzi, famasi au maabara anaukuta wodini ugonjwa alioufundishwa darasani, kwa wagonjwa wanaotoka kanda nzima ya ziwa. Chuo hicho kilianza 2003 kama chuo kishiriki cha SAUT, Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino, kabla ya kusimama chenyewe. Ni chuo cha Kanisa Katoliki, kwa hiyo ada yake isilinganishwe kwa kichwa na ya chuo cha serikali. Chukua muundo wa ada wa mwaka husika, jumlisha kila mstari, siyo ule wa kwanza tu.

SAUT yenyewe iko Malimbe, Nyegezi. Mizizi yake ni Taasisi ya Mafunzo ya Jamii Nyegezi iliyoanzishwa 1960, na ikawa chuo kikuu 1998. Jina lake limejengwa na uandishi wa habari na mawasiliano ya umma, na ina sheria, biashara, elimu, sosholojia na uhandisi pia. Kwa mwanafunzi wa HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza) au HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza) anayetaka kuandika na kutangaza, hakuna sababu ya kuiruka kwa sababu tu iko karibu na nyumbani. Cha kuchunguza ni makazi. Wengi wanapanga mageto Malimbe na Sweya, na kabla ya kulipa kodi ya miezi sita angalia mambo matatu kwa macho yako: maji yanatoka siku ngapi kwa wiki, njia ina taa usiku, na umeme ni mita ya mpangaji au mnagawana wote.

Umbali nao una bei. Anayetoka Sengerema au Geita sasa anapita Daraja la J.P. Magufuli, Kigongo hadi Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, na habari ya kulala upande wa pili kwa sababu ya kivuko imekwisha. Anayetoka Nansio, kisiwani Ukerewe, bado anategemea meli na ratiba yake. Lakini kwa kozi za afya, usipange kwenda na kurudi kutoka mbali, hata barabara iwe nzuri kiasi gani. Zamu za wodini haziendani na daladala la mwisho.

Kuna vyuo vingine ambavyo kijana wa steshenari karibu hakutajii, kwa sababu kozi zake za stashahada na za ufundi hazimo kwenye kitabu cha TCU. Ziko chini ya NACTVET, baraza la elimu ya ufundi. Chuo cha uvuvi cha FETA kiko Nyegezi, mita chache kutoka kwenye ziwa lenyewe, wakati ambapo ufugaji wa samaki kwa vizimba unaongezeka na wenye vizimba wanahitaji watu wanaojua chakula, magonjwa na ubora wa maji. Kampasi ya Mwanza ya DIT, Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, ina mizizi kwenye teknolojia ya ngozi, katika kanda yenye ng'ombe wa kutosha. Pasiansi wanafundisha askari wa wanyamapori. Butimba ni ualimu. VETA ya Nyakato ni ya ufundi wa mikono. Kwa mwenye prinsipo moja na sabsidiari moja (alama ya S), ambaye mlango wa chuo kikuu haujafunguka, stashahada ni njia halali kabisa. Akiimaliza na GPA, yaani wastani wa alama, ya 3.0 au zaidi, na ana ufaulu wake wa kidato cha nne unaotakiwa, anaweza kuomba shahada kwa kitabu kile cha pili cha TCU. Kozi za stashahada ya afya kwa Tanzania Bara zinaombwa kwa mfumo wa pamoja wa NACTVET, siyo chuo kwa chuo, kwa hiyo fundi akikufungulia tovuti ya chuo cha afya kimoja kimoja, muulize anaomba wapi hasa.

Sasa turudi kaunta, kwenye kisanduku kidogo kinachoharibu mengi kuliko vyote: namba ya simu.

Fomu inapofika hapo, mwanafunzi mara nyingi hana laini yake. Anatumia ya mjomba, au iliyosajiliwa kwa jina la jirani, au simu imeishiwa chaji. Foleni inasukuma. Fundi anaandika namba ya dukani, anafungua barua pepe mpya kwa haraka na nywila anayoikumbuka yeye, maombi yanaondoka, kila mtu anafurahi. Wiki kadhaa baadaye TCU inatangaza majina ya waliodahiliwa zaidi ya chuo kimoja. Hao wanatakiwa kuthibitisha chuo kimoja kwa kutumia namba ya siri, na namba hiyo inatumwa kwa meseji au barua pepe iliyotumika wakati wa kuomba. Meseji inaingia kwenye simu ya duka, kati ya meseji mia za aina hiyohiyo. Mwanafunzi wa kwanza anaikosa, wa pili anapewa ya mwenzake. Asiyethibitisha ndani ya muda anaweza kupoteza nafasi zote mbili, na alikuwa amefaulu.

Kwa hiyo usitoke nyumbani bila laini inayofanya kazi, iliyosajiliwa kwa jina lako au la mzazi unayeishi naye, na usiibadilishe mpaka umeripoti chuoni. Barua pepe fungua mwenyewe kwa simu yako, siku moja kabla. Nywila iandike kwenye daftari, pamoja na namba ya mtihani uliyotumia kujisajili. Fundi akikuambia "tumia yangu tu, nitakupigia", kataa kwa adabu. Kama tayari ombi la mwaka huu lina namba ya duka, ingia kwenye akaunti yako ya chuo ubadilishe mawasiliano kabla awamu haijafungwa, na mfumo usiporuhusu, wasiliana na ofisi ya udahili ya chuo ukiwa na namba zako za mtihani mkononi. Namba ya siri ikichelewa, ingia kwenye akaunti ileile ya chuo uombe itumwe tena.

Tatizo hili ni kubwa zaidi kwa vijana walioko JKT. Wanaitwa kwa mujibu wa sheria baada ya mtihani wa Mei, na dirisha la udahili linaweza kuwakuta kambini, ambako simu haiko mkononi kila saa. Anayekwenda steshenari ni kaka, shangazi au baba. Kabla ya kijana kuondoka, akae na huyo atakayemwombea, waandike pamoja kozi tano kwa mpangilio kwa kila hali ya matokeo: yakiwa mazuri hizi, yakiwa ya wastani hizi. Karatasi ikae na vyeti. Shangazi akifika kaunta hatauliza fundi, atasoma karatasi.

Majina nayo yana shida yake huku kwetu, na wanaotoka mikoa mingine hawaijui. Majina ya Kisukuma yenye ng' yanaandikwa kwa namna tatu nne. Cheti cha kuzaliwa kinasema Ng'wandu, cha kidato cha nne kinasema Ngwandu, kitambulisho cha NIDA kinasema Mwandu. Kwa mzee nyumbani ni jina moja. Kwa kompyuta ni watu watatu, na baadhi ya fomu hazipokei kabisa ile alama ya juu. Fundi asiyejali anaandika anavyosikia. Kwenye maombi ya chuo, jina lifuate cheti cha kidato cha nne herufi kwa herufi. Nyaraka zako zikitofautiana, shughulikia tofauti hiyo mapema, kwa hati ya kiapo au kwa utaratibu wa kubadili jina kisheria, kabla Bodi ya Mikopo haijaulizia. Kufanya hivyo Agosti, watu wote wakiwa kwenye foleni ya wakili, ni kujitafutia homa.

Na namba ya mtihani: aliyerudia kidato cha nne ana zaidi ya moja. Bodi inataka namba ya kidato cha nne uliyoombea udahili ndiyo uombee mkopo. Ukimpa fundi namba ya mwaka mmoja kwa chuo na ya mwaka mwingine kwa Bodi, mifumo haitakuunganisha, na utafika chuoni na barua ya udahili bila bumu (pesa ya mkopo), bila kujua kosa liko wapi.

Kwenye mkopo, steshenari zinafanya kazi nzuri kuliko kwenye udahili, kwa sababu hatua za mkopo zina mpangilio na fundi amezizoea. Kwanza RITA: cheti cha kuzaliwa kinahakikiwa mtandaoni, na cha kifo pia kama mzazi amefariki. Hii ifanyike wiki kadhaa kabla, maana majibu hayatoki papo hapo na bila namba ya uhakiki fomu haiendelei. Kisha unajisajili kwenye mfumo wa Bodi, unapewa kontroli namba, unalipa ada ya maombi ya shilingi 30,000. Lipa kutoka simu yako mwenyewe, usimkabidhi mtu taslimu akulipie "jioni". Ukishajaza, fomu inaprintiwa, inapelekwa kwa serikali ya mtaa au kijiji na kwa wakili au hakimu kusainiwa na kugongwa mihuri, mdhamini anasaini na picha yake inabandikwa, kisha kurasa zilizosainiwa zinaskaniwa na kupandishwa tena. Kosa la mara kwa mara ni kupandisha ukurasa wa saini wenye mhuri mmoja tu, au picha ya mdhamini iliyobanduka. Kaa pale, mwombe fundi akufungulie kila faili lililopanda, ulisome kwenye skrini mpaka mwisho, ndipo abonyeze kutuma.

Familia iliyo kwenye mpango wa TASAF wa kusaidia kaya maskini ihakikishe namba ya kaya imeandikwa sawasawa. Ni mstari mmoja tu, lakini una uzito kwenye kupima uhitaji.

Wanafunzi wa SAUT na CUHAS wanaruhusiwa kuomba mkopo kama wa vyuo vya serikali. Wanachosahau ni kwamba kiasi cha ada ambacho Bodi inampangia mtu kinaweza kuwa pungufu ya ada ya chuo, na pengo ni la mzazi. Linganisha vyuo viwili kwa pengo hilo, siyo kwa ada iliyoandikwa juu ya karatasi.

Bei za huduma hazina kiwango kimoja, kwa hiyo uliza kwa kutenganisha: kujaza ombi moja la chuo ni kiasi gani, kuskani ukurasa ni kiasi gani, kuprinti ni kiasi gani. Pesa ya chuo au ya Bodi isichanganywe na pesa ya duka. Anayekutajia bei moja ya jumla ya "kila kitu mpaka upate chuo" anakuuzia kitu asichokuwa nacho, kwa sababu udahili unafanywa na chuo chenyewe.

Steshenari nzuri unaitambua kwa vitu vya kawaida. Ina skana ya kioo. Skrini imegeuzwa upande wako uone kinachoandikwa. Wakati wa kuweka nywila anakusogezea kibodi na kutazama pembeni. Umeme ukikatika ana betri au jenereta, maana fomu iliyokatikia katikati huwa haijahifadhiwa. Ukimaliza anafuta vyeti vyako kwenye kompyuta ya duka mbele yako, na kutoka kwenye akaunti. Duka ambalo kwenye skrini yake kuna mafaili ya vyeti vya watu ya tangu mwaka juzi, lipite.

Ukienda, nenda asubuhi, na siku ya katikati ya dirisha. Siku tatu za mwisho mifumo inakuwa mizito na fundi amechoka. Ondoka na vitu hivi kwenye bahasha: ombi lililoprintiwa lenye namba yake, risiti ya malipo, daftari lenye nywila, na vyeti halisi vyote ulivyoingia navyo, uvihesabu. Cheti halisi kinachosahaulika juu ya kioo cha skana ndicho kinachotafutwa kwa machozi Oktoba, siku ya kuripoti chuoni.